Nyumba Iliyotolewa Kaburini

Bi Eugenia Kihwele alipoteza nyumba yake siku ya kumzika mumewe, kwa sababu alimjibu mtani wake kama mtani anavyojibiwa. Hakuna aliyemdhulumu. Hakuna aliyevunja sheria, maana sheria yenyewe haikuwepo tena. Ilibaki mikataba, na mikataba yote ilifuatwa. Kabla udongo haujajaa kaburini nyumba ilikuwa imehama mara mbili: kutoka kwake kwenda kwa Otmar Gama, na kutoka kwa Otmar kwenda kwa kampuni iitwayo Ngao. Mwenyewe alipata habari siku ya kuanua tanga, sikio lake, kile kifungo cha kampuni alichobandika kifuani, lilipomwambia kwa sauti ya upole kwamba anaishi katika nyumba ya watu, na kwamba ni vizuri aanze kutafuta pa kwenda.

Jambo hilo lilimfikia Lutengano Mwalongo asubuhi ya ukungu, ukungu ule wa Makambako unaoingia hadi ndani ya mifuko ya koti. Mwalongo alikuwa msuluhishi wa Amana, mojawapo ya kampuni zilizoshika nafasi ya mahakama, ambamo Bi Eugenia na marehemu mumewe walijiandikisha. Baraza lake lilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri, dirisha likitazama njia panda ambapo malori yasiyo na dereva yaligawanyika, mengine Songea, mengine Mbeya. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, goti bovu, na uchovu ambao usingizi haukuutoa.

Zamani alikuwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Serikali ilipofunga mahakama ikabaki na barabara na chanjo, watu hawakulia. Hata yeye hakulia. Alikuwa na kesi moja ya mpaka wa shamba iliyowazika wenye shamba wote wawili na bado ikaendelea, ikisubiri jalada kutoka mkoani. Amana waliichukua kesi ile wakaimaliza kabla ya chakula cha mchana. Siku hiyo Mwalongo alikwenda kuomba kazi kwao.

Sasa walikuwa wamekaa mbele yake watu wawili kwenye benchi moja. Hilo peke yake lilimtia wasiwasi. Watu wenye kesi hawakai benchi moja.

“Kamwene, baba,” alisema mjane.

“Kamwene, mama. Pole sana na msiba. Nani analalamika?”

Walitazamana.

“Sote,” alisema Otmar Gama. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, amevaa koti la suti lililokatwa kwa mtu mwingine.

“Haiwezekani wote. Mmoja analalamika, mwingine anajibu.”

“Basi andika mimi nalalamika kwamba nimepewa nyumba.”

“Na mimi nalalamika kwamba huyu Mngoni amepewa nyumba wakati hajui hata kufagia,” alisema Bi Eugenia.

Mwalongo aliweka kiganja juu ya meza. Meza ndiyo iliyofungua mashauri. Ilikuwa imekwisha kusikiliza kila neno, ikayalinganisha na yaliyo ndani ya masikio ya wale wawili, vile vifungo vidogo vyeusi walivyobandika kifuani kama kila mtu mzima mjini pale. Meza ilifikiri kidogo, kisha ikasema, “Pande zote zinakubaliana juu ya yaliyotokea. Hakuna mgogoro. Shauri halifunguki.”

“Hata mimi ningesema hivyo,” alisema Otmar. “Hatujagombana.”

“Wewe unataka nyumba yake?” Mwalongo alimuuliza.

“Niifanyie nini? Nina yangu, inavuja, tumezoeana.”

“Basi mrudishie.”

“Nimemrudishia. Nimetamka mbele ya sikio asubuhi, mchana na jioni. Linaniambia mali si yangu tena, ni ya Ngao.”

Mwalongo alielewa hapo. Kila kampuni ilikuwa na kanuni zake, na hii ya Ngao ilijulikana. Miaka iliyopita moto wa kusafishia shamba la Otmar uliruka ukala miti ya kampuni moja ya mbao. Ngao walisimama upande wake wakamwokoa, naye akaweka dole gumba juu ya maneno haya: ninachomiliki na nitakachomiliki. Tangu siku hiyo chochote kilichoingia mkononi mwa Otmar kilipita kama maji kwenye chujio. Kwa muda mrefu hakikuingia kitu, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

“Nisikilizisheni,” alisema Mwalongo.

Meza ilitoa sauti za makaburini.

Kwanza upepo, na majembe. Kisha vicheko vya watu wanaojaribu kutocheka. Sauti ya Otmar ilitoka chini, kwa sababu alikuwa ameruka ndani ya kaburi kabla jeneza halijashushwa, akalala chali, mikono kifuani.

“Sitoki,” ilisema sauti ile. “Babu yake alimkimbia babu yangu vitani, na leo huyu naye ananikimbia. Wahehe hamna haya. Mshusheni hapa hapa juu yangu tumalizane.”

“Toka, mzee, mvua inakuja,” alisema mtu.

“Sitoki mpaka nipewe haki yangu. Huyu Sauli nilimlea mimi. Nyumba yake naitaka. Mke wake naangalia kwanza. Mbwa wake mbaki naye, najua kwenu ni kitoweo.”

Watu walicheka. Kisha Bi Eugenia, sauti yake kavu, imekaza, sauti ya mwanamke ambaye amelia usiku kucha na sasa amepata mahali pa kusimama:

“Nyumba chukua, Mngoni wewe. Nimekupa, ni yako kuanzia leo. Na panya wa darini ni wako, najua ndio unaowafuata.”

Makaburi yote yalicheka. Kilisikika kicheko kimoja cha mwanamke kikigeuka kilio, kikarudi kicheko. Na katikati ya kelele zile, kama ungesikiliza vizuri, masikio mawili yalilia pii, moja chini kaburini, moja juu.

Mwalongo alifunga macho. Sentensi ile haikukosa kitu. Ilikuwa na mali, mtoaji, mpokeaji na siku ya kuanza. Kwenye mafunzo ya Amana wangeitumia kama mfano.

“Kwa nini hukulivua sikio, mama? Watu hulivua msibani.”

“Rambirambi, baba. Siku hizi mtu hatoi rambirambi bila sikio kusikia, kesho asije akaambiwa hakutoa. Nililivaa kwa ajili hiyo.”

“Na wewe?”

“Nikivua, Ngao wanahesabu nimewatoroka,” alisema Otmar. “Hata bafuni naoga nalo. Limeona mengi.”

“Nilijua lipo,” alisema Bi Eugenia taratibu. “Sikusahau. Ila nilidhani linajua mtani ni nani. Kila mtu anajua.”

Sikio lilijua mambo mengi. Waliolitengeneza hawakuwa wajinga. Lilipima pumzi na mtetemo wa koo. Lilitambua mtu aliyelewa, mtu aliyetishwa kisu, mtu mwenye homa, bibi anayelazimishwa na wajukuu atoe shamba. Neno la watu kama hao halikufungwa. Lakini mtani hatetemeki. Ukitania huku unacheka umeharibu. Utani husemwa na uso wa mbao. Siku ile sikio lilimpima Bi Eugenia na kumkuta hana hofu, hajalewa, hajalazimishwa, anasema kwa hiari kamili. Na kweli alikuwa hivyo. Tangu mumewe afe, ile ndiyo dakika ya kwanza aliyokuwa na hiari yake.

*

Ngao walikuwa wamepanga katika jengo la iliyokuwa Mahakama ya Mwanzo. Mwalongo alipanda ngazi zake mwenyewe kama mgeni. Pale palipokuwa na kiti chake palikuwa na mtambo wa chai. Juu yake ukutani lilibaki doa la nembo ya taifa, mahali ilipotundikwa, rangi yake mpya kuliko ukuta wote. Hakuna aliyehangaika kupapaka.

Aliyempokea ni Hilda Mapunda, msuluhishi wa Ngao, binti wa miaka thelathini na kidogo, nywele fupi, macho ya mtu asiyelala vizuri. Aliinuka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mapunda wa wapi?”

“Wa Peramiho.”

“Basi unajua utani.”

“Naujua. Alipokufa bibi, Mhehe mmoja aliingia kwenye jeneza tupu akajifunika, akasema analijaribu, hatoki mpaka apewe jogoo. Nilicheka mpaka nikasahau kwamba bibi amekufa.”

“Umeisikiliza sauti ya Kihwele?”

“Zaidi ya mara moja.”

“Ni nini ile?”

“Ni utani, mzee. Mtoto mdogo anajua.”

“Basi tumemaliza.”

“Mimi nimemaliza. Ngao haijamaliza.” Alimmiminia chai bila kumuuliza sukari. “Kuna mtu wa Wanging'ombe aliuza viazi vya shamba zima. Bei ikapanda. Akasema alikuwa anatania. Tukamkatalia. Nikisema leo utani wa Kihwele haufungi, kesho kila aliyeuza ng'ombe akajuta atakuja hapa na mtani wake.”

“Ungemtazama. Muuza viazi si mtani wa mnunuzi, na shamba la viazi si kaburi. Kazi ya hakimu ndiyo hiyo, kumtazama mtu huyu na mtu yule.”

“Hakimu alikuwa na mshahara hata akikosea. Mimi nikikosea wateja wanahama.”

“Watu walikuwa wanacheka pale, umewasikia.”

“Hata wanaouziana ng'ombe hucheka, mzee.”

Mwalongo alikunywa chai. Ilikuwa nzuri kuliko ya enzi zake, hilo alilikubali.

“Nani yuko juu yako?”

“Makao makuu.”

“Na juu ya makao makuu?”

“Wateja. Asiyeridhika anakwenda kampuni nyingine.”

“Otmar ataondoka na nini, na mmeshika hata atakachookota njiani? Na yule mama si mteja wenu. Hawezi kuwahama. Mimi naweza kukushitaki wapi?”

Hilda alitazama chumba. Hakusema kwa kejeli. “Hapa, mzee. Zamani.”

Nje lori lilipiga honi kumwonya mbuzi.

“Nikupe njia mbili,” alisema Hilda. “Ya kwanza siipendi. Otmar Gama akitamka kwamba alimtisha yule mama, kwamba alimwambia kitu kibaya kabla ya mazishi akalazimika kutoa nyumba, kauli inavunjika. Anayejishitaki hapimwi na sikio. Nyumba inarudi siku hiyo hiyo.”

“Na Otmar?”

“Tunamtoa. Kanuni haina huruma hapo.”

Mwalongo alijua maana yake. Mtu asiye na kampuni alitembea mjini kama kuku asiye na mwenyewe. Ukimpiga kofi, hakuna pa kukupeleka. Ukimnyang'anya, hakuna wa kukuuliza. Zahanati zilimuuliza kwanza nani atamjibia.

“Na ya pili?”

“Tuandike kanuni, Ngao na Amana pamoja. Utani utambuliwe. Makao makuu wanaitaka muda mrefu, kwa ajili ya watu kama yule wa viazi. Mkiweka saini, mimi naruhusiwa kuwapa hii ya Kihwele kama zawadi ya kuanzia.”

“Inasemaje?”

Aliisoma kutoka kichwani, kama mtu aliyeiandika mwenyewe na kuichukia: “Kauli ya utani haimfungi mtu, iwapo anayetania atatangulia kutamka mbele ya sikio kwamba anatania, na anayetaniwa akatamka kwamba ameridhia. Isipokuwa hivyo, kila kauli ni kauli.”

Mwalongo aliweka kikombe chini.

“Hilda, binti yangu. Umeshawahi kumwona mtu anayeomba ruhusa ya kutania?”

“Hapana,” alisema. “Ndiyo maana nimekwambia njia ni mbili. Sikusema kuna nzuri.”

*

Nyumba yenyewe ilikuwa mwisho wa mtaa, ukipita kanisa. Sauli Kihwele aliichoma kila tofali lake, na upande wa magharibi matofali yalikuwa meusi kwa sababu tanuri lilizidi moto siku aliyozaliwa mwanawe wa kwanza, akalisahau. Bi Eugenia alikuwa akimwonyesha kila mgeni matofali yale. Uani kulikuwa na miparachichi na jiko la kuni. Otmar alikuwa amekaa jikoni humo akimenya viazi.

“Tazama mwenye nyumba,” alisema Bi Eugenia. “Tangu asubuhi namfundisha kumenya. Anatoa kiazi chote anabakiza ganda.”

“Ningekuwa mwenye nyumba ningekuwa nimekufukuza kwa mdomo,” alisema Otmar. “Karibu, hakimu.”

“Mimi si hakimu.”

“Najua. Lakini ‘msuluhishi’ ni neno refu na meno yangu ni machache.”

Mwalongo alikaa kwenye kigoda, goti lake likalalamika. Aliwaeleza njia ya kwanza. Kabla hajamaliza Otmar alishaweka kisu chini.

“Nasema hata sasa hivi. Sikio, unasikia? Mimi Otmar Gama…”

Bi Eugenia alimfunika kifua kwa kiganja, kiganja na kifungo pamoja, kwa nguvu iliyomrudisha nyuma mpaka ukutani.

“Nyamaza.”

“Nina miaka sabini na mbili, mtani. Atakayenipiga kofi atapata nini?”

“Nyamaza, nimesema. Nilale humu ndani kila siku nikijua wewe uko barabarani unasukumwa na watoto? Sauli angetoka alikolala. Haya, baba, njia nyingine.”

Mwalongo alieleza ya pili. Aliieleza polepole, akitumia maneno ya Hilda. Alipomaliza, Otmar aliacha kiazi kianguke chini.

“Kwa hiyo,” alisema Otmar, “nikifika msibani nasimama, nasema, jamani mimi nakuja kutania.”

“Ndiyo.”

“Wanasema, karibu, tumeridhia.”

“Ndiyo.”

“Halafu ndiyo naruka kaburini.” Alikiokota kiazi, akakitazama. “Mtu wa namna hiyo si mtani. Ni mwalimu wa semina.”

Bi Eugenia alicheka kidogo, akaacha.

“Unajua utani huu ulitoka wapi, hakimu?” alisema Otmar, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena. “Wangoni na Wahehe waliuana. Waliuana kweli, mito ikabadilika rangi, babu alivyosema. Walipochoka hawakuita serikali, haikuwepo. Hawakuandikiana mkataba, hakuna aliyejua kuandika. Walianza kutukanana na kuzikana. Mimi nikifa, Mhehe ananizika. Akifa yeye, namzika. Ukimzika mtu na ukamtukana mbele ya wanawe wakacheka, huwezi tena kumchoma mkuki. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Imeshika mpaka leo bila karani.”

“Najua,” alisema Mwalongo.

“Sasa mnataka iwe na karani.”

“Mimi sitaki kitu, mzee Gama. Nataka huyu mama asilale nje.”

Alimgeukia Bi Eugenia. Alitaka amsikie akisema, ili iwe ni neno la mtu na si lake peke yake. Mjane alikuwa akitazama matofali meusi.

“Baba, mimi usiniulize,” alisema. “Nikisema naitaka nyumba, nimeuza kitu cha watu wote. Nikisema siitaki, mwezi ujao nalala kwa mwanangu sebuleni, na mke wake ananihesabia vijiko. Vyote viwili siwezi kutamka mbele ya hiki kidude. Wewe ndiye unayelipwa kuamua. Amua.”

“Zamani ningekuambia kata rufaa.”

“Zamani ungeniambia njoo baada ya miezi sita,” alisema Bi Eugenia, na hapo pia alikuwa anasema kweli.

*

Mwalongo alikwenda na kurudi chumbani kwake kwa siku kadhaa. Aliandikia makao makuu ya Amana, akaomba njia ya tatu: kwamba mtu fulani, yeyote, apewe uwezo wa kusikiliza sauti ile na kusema tu, huu ni utani, tumeelewa, twende nyumbani. Walimjibu vizuri. Walisema ombi lake lingemfanya mtu mmoja kuwa juu ya mikataba, na watu walijiunga na Amana kwa sababu walichoka na watu wa namna hiyo. Akasoma jibu lile akakumbuka mahakimu aliowajua, mmoja mmoja, waliopokea mbuzi, waliolala wakati shahidi anasema, na hakuweza kuandika kwamba wanakosea.

Basi alipanda tena zile ngazi. Hilda alikuwa peke yake. Waliketi chini ya doa la nembo na wakaweka viganja vyao mezani, kimoja cha mzee, kimoja cha binti, na kanuni ikawa kanuni. Chai ilikuwa bado ya moto.

“Zamani,” alisema Mwalongo, “kupitisha kitu kama hiki watu wangepigana bungeni. Magazeti yangeandika. Wapare na Wachaga wangekuja juu, Wazaramo na Wanyamwezi wangeandamana wakitukanana njia nzima.”

“Na ingechukua miaka, na yule mama angekuwa nje.”

“Ndiyo.”

“Hivi sisi nani alituambia tuamue?” alisema Hilda. Hakuwa anamuuliza yeye.

“Mteja mmoja aliyefiwa,” alisema Mwalongo, “na mwingine aliyelala kaburini.”

Nyumba ilirudi kwa jina la Eugenia Kihwele kabla Mwalongo hajafika chini ya ngazi. Sikio la mjane lilimwambia kwa sauti ile ile ya upole kwamba amekaribishwa nyumbani. Kampuni nyingine zote ziliichukua kanuni ile kabla mwaka haujaisha. Ilikuwa rahisi kutumia, na hakuna aliyeilalamikia, maana kulalamika kulihitaji mgogoro, na hapakuwa na mgogoro.

*

Otmar Gama alikufa kiangazi kilichofuata, kwa kifua. Walimzika kwenye shamba lake, karibu na mahali moto ule ulipoanzia. Upepo ulikuwa mkali na vumbi jekundu lilipaka viatu vya kila mtu rangi moja.

Bi Eugenia alikuja amevaa koti la marehemu mumewe, kofia ya marehemu mumewe, na fimbo. Watu walipomwona wakaanza kutabasamu. Walijua amekuja kulipa. Mwalongo alisimama nyuma, mbali na kaburi, kwa sababu ya goti, alivyojiambia.

Bi Eugenia alifika ukingoni. Alifungua mdomo. Kisha akaona kifungo kwenye kifua cha mtoto mkubwa wa Otmar, na kwenye vifua vya wote, safu nzima, vyeusi, vimefutwa vumbi. Akaufunga.

“Natangaza utani,” alisema.

“Utani umetangazwa,” yalisema masikio, yote pamoja, kama wanakwaya. “Anayetaniwa atamke kwamba ameridhia.”

Anayetaniwa alikuwa ndani ya sanduku.

Watu waliangaliana. Mtoto mkubwa alikohoa, akasogea mbele. “Naridhia kwa niaba yake,” alisema.

“Endeleeni,” yalisema masikio.

“Nimekuja kuchukua kilicho changu,” alianza Bi Eugenia. “Mngoni huyu alikaa jikoni kwangu akanimalizia viazi. Nataka shamba lake. Nataka…”

Watu walicheka pale walipopaswa kucheka, kwa adabu, kama wanavyompigia makofi mgeni rasmi. Mtu mmoja alisema, “Sawa kabisa, mama.” Bi Eugenia aliwatazama. Alikuwa bado na maneno. Mwalongo aliyaona yamejaa kwenye mashavu yake. Hakuyasema. Alivua kofia ya Sauli, akaketi juu ya udongo uliochimbwa, fimbo mapajani, akalia. Mtani halii kwenye kaburi la mtani wake. Hakuna aliyejua afanye nini, kwa hiyo walishusha jeneza.

Mazishi yalikwisha mapema. Watu walisema yamekwenda vizuri, hayana fujo.

Mwalongo alitembea kurudi peke yake kandokando ya barabara kuu, malori yakimpita bila mtu ndani. Alikuwa na tabia ya zamani ya mahakamani, kufunga kila kesi kwa kuhesabu nani ameondoka na nini. Akahesabu.

Bi Eugenia alipata nyumba: vyumba vinne, jiko la uani, miparachichi, na ukuta wenye matofali meusi. Otmar alikufa akiwa na kampuni, hakusukumwa na mtu barabarani. Ngao haikupoteza kitu. Amana haikupoteza kitu. Yeye alibaki na kazi.

Kilicholipwa ni mzee mmoja aliyezikwa kimya. Mjane mmoja aliyelia mahali ambapo deni lake lilikuwa kuchekesha. Watoto wa pande zote mbili waliosimama pale, ambao hawatajua kwamba mtu aliweza kuruka kaburini bila kuomba ruhusa. Na amani moja ya Wahehe na Wangoni, iliyofanywa na watu wasiojua kuandika, ikakaa vizazi vyote vile bila kugharimu kitu, mpaka alipoiandika yeye.